UJUZI HAUZEEKI, LAKINI MWILI HUSAHAU

(Maneno yaliyosemwa na mwenzetu wa genge la njia ya reli mbele ya mkutano wa tawi. Yamepigwa chapa kwa ajili ya wanachama waliokuwa zamu siku hiyo.)



Kamati imetuomba sisi wa genge tuseme machache juu ya jambo lililotupata tuliporudi kazini baada ya kukaa nje muda mrefu. Sisi si watu wa hotuba. Wengi wetu tulisoma shule ya msingi ya misheni, tukajua kusoma, kuandika na kujumlisha, kisha tukashika mtaimbo. Basi mtatusamehe kama maneno hayakupangika vizuri. Lakini jambo lenyewe twalijua, kwa maana limetupita mikononi na mgongoni.

Hatutataja njia ipi wala mwajiri yupi. Hatukuja hapa kumshitaki mtu. Twataka wenzetu wanaorudi kesho wasiumie kama tulivyoumia sisi.

Habari yenyewe ni hii. Tulipokuwa vijana wa miaka ishirini na kitu, kazi ilipungua na genge letu likavunjwa. Kila mtu akashika njia yake. Mmoja akaenda kulima mahindi kwao. Wengine wawili wakaendesha pikipiki za abiria. Mwingine akawa bawabu wa usiku mjini, akikaa juu ya kiti mpaka alfajiri. Mwingine akauza mitumba. Tukakaa hivyo miaka tisa. Kisha tukapata habari kwamba njia inafufuliwa na watu wanaoijua kazi wanatakiwa. Ninyi mwajua kwamba katika miaka hii njia kadha za zamani zimeamshwa: mwaka 2020 gari la abiria lilirudi Nanyuki, na mwaka 2021 likarudi Kisumu. Nasi tukarudi, watu kumi na mmoja wa genge la zamani, kila mmoja na thelathini na kitu yake, na vitambi viwili vitatu kati yetu.

Kwa faida ya ndugu zetu wa ofisi na wa stesheni ambao hawajapata kushinda juani pamoja nasi, tueleze kidogo kazi ya genge. Njia yetu ya zamani ni ya upana wa mita moja baina ya reli na reli. Ndiyo ile iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na mwaka 1901 ikafika ziwani, mahali paitwapo leo Kisumu. Reli hulala juu ya mataruma. Taruma la chuma ni kama mtumbwi uliopinduliwa. Juu yake pana masikio yanayoikamata reli, na baina ya sikio na reli hupigwa kabari ya chuma kwa nyundo. Chini ya taruma hushindiliwa kokoto kwa sururu butu, mpaka taruma likae imara. Gari likipita mara nyingi, kokoto hutawanyika, kabari hulegea, njia huzama hapa na kuinuka pale. Ndipo genge huja na jeki, mitaimbo, nyundo na sururu, likairudisha njia mahali pake.

Na reli si ubao. Reli ya ratili 80 kwa yadi, kila mita moja yake yafika karibu kilo 40. Kipande cha mita 12 ni karibu kilo 480. Mkikibeba watu kumi na wawili kwa koleo za kubebea, kila mtu ana kilo 40 mkononi mwake, na ardhi anayokanyaga ni kokoto zinazoteleza. Mmoja akikosa hatua, mzigo wake huwaangukia wenzake.

Sasa siku ya kwanza. Tulifika alfajiri, nyapara akatugawia zana. Nyapara wetu ni mzee aliyebaki kazini miaka yote ile, na anatujua tangu tulipokuwa vijana. Akatutazama akacheka, akasema, “Vijana wangu, mmerudi na mikono ya makarani.” Tukamjibu, “Mzee, tupe nyundo utaona.”

Ndugu zangu, hapo tuliona ajabu. Tulidhani tumesahau, kumbe hatukusahau. Mkono uliposhika mpini, miguu ilijipanga yenyewe. Nyundo ikapanda, ikashuka, ikaangukia kichwa cha kabari bila kuikosa. Hakuna aliyetuambia tusimame vipi wala tutazame wapi. Mwenzetu yule aliyekuwa bawabu alipita na nyundo ndogo akigonga kabari moja moja na kusikiliza. Kabari iliyokaza hulia kama kengele, iliyolegea hulia kama debe. Akasema, “Hii imelegea, hii imelegea, hii nzuri,” naye alikuwa kweli katika zote. Miaka tisa hakugonga kabari, lakini sikio lake lilikuwa bado kazini. Tulifurahi kama watoto. Wengine wetu, tusifiche, machozi yalitulengalenga.

Wazee walisema ujuzi hauzeeki, nao walisema kweli. Wataalamu wa mwili nao wasema hivyo hivyo. Jambo ambalo mtu amelifanya kwa mikono mara elfu nyingi hukaa katika ubongo mahali pa peke yake, wala haliondoki upesi kama majina na tarehe. Ndiyo maana aliyejifunza baiskeli utotoni hupanda akiwa mzee, na mwanamke aliyesuka mkeka zamani hushika ukindi na vidole vikaenda vyenyewe.

Basi kosa letu lilianzia hapo. Kwa kuwa mkono ulikumbuka, tulidhani mwili wote umekumbuka. Tukafanya kazi siku ile kama tuliyoifanya tukiwa na miaka ishirini na tano. Vijana wapya walikuwa wakitutazama, nasi tukataka kuwaonyesha. Kufika saa sita viganja vilijaa malengelenge, kwa maana sugu za zamani zilikwisha kutoka. Kufika saa nane pumzi zilikuwa juu juu. Usiku hatukuweza kuinua kikombe cha chai.

Siku ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza, na ya tatu mbaya zaidi. Baadaye daktari alitueleza kwamba hiyo ni kawaida: misuli iliyotumiwa kwa nguvu baada ya kulala huuma zaidi siku ya pili na ya tatu. Lakini sisi hatukujua. Tulidhani tumezeeka, na kila mtu akaficha maumivu yake asije akaonekana dhaifu. Twalijua jambo hili sisi sote tulio hapa. Kibarua akisema “naumwa”, huogopa kuambiwa “nenda nyumbani, watu wako wengi langoni.”

Siku ya tatu hiyo tuliitwa kubeba reli. Yuko ndugu yetu mmoja, mkubwa wetu kwa umri, ambaye zamani alikuwa ndiye nguvu ya genge. Akiwapo yeye upande wa mwisho wa reli, sote tulikuwa na moyo. Asubuhi ile tulimwona akiinama kufunga viatu na kushika kiuno. Tukamwuliza, “Kaka, mgongo vipi?” Akajibu, “Mgongo uko.” Hatukuuliza tena. Mwimbishaji akatoa wito, nasi tukaitika na kuinua. Tulikwenda hatua sita au saba. Kisha tukasikia sauti yake, si kelele, ni kama mtu aliyeshtuka, naye akaanguka kwa magoti. Kwa bahati njema wenzake wa kulia na kushoto walishika, reli ikatua bila kumponda mguu. Lakini yeye hakusimama. Tulimbeba kwa turubai mpaka barabarani.

Ndugu zangu, twasema wazi mbele yenu: tulishiriki kosa lile. Tulimwona anashika kiuno, nasi tukanyamaza kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa anashika chake.

Yaliyofuata ndiyo yaliyotufanya tulete neno hili katika chama. Msimamizi alisema mtu huyu alikuja na ugonjwa wake kutoka nyumbani, kwa hiyo hapana malipo. Ndugu yetu alilala wiki tano. Watoto wake walirudishwa kutoka shule kwa ajili ya karo. Sisi tulichanga kidogo, lakini mchango wa vibarua kumi haumlishi mtu na watoto wanne. Ndipo mwakilishi wetu alipoandika barua. Hakuandika matusi. Aliandika tarehe, saa, majina ya mashahidi, uzito wa reli na idadi ya watu walioibeba. Akataja sheria. Kwa maana iko Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, na iko Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 pia, ambayo hairuhusu mfanyakazi apewe mzigo mzito hata umdhuru. Baada ya mikutano mitatu, matibabu yakalipwa na mshahara wa wiki zile ukalipwa. Hatukupiga kelele wala kuvunja kioo. Tulikuwa na karatasi, na tulikuwa pamoja.

Katika mikutano ile ile tukapatana na nyapara na msimamizi namna mtu aliyekaa nje atakavyorudishwa. Twataka kuwapa mafundisho hayo, kwa maana yatawafaa hata ninyi wa karakana, wa mizigo, na wa bandarini.

KWANZA, tujue ni nini hupotea upesi na ni nini hupotea polepole. Pumzi ya kazi ndefu huanza kupungua katika wiki mbili tatu tu za kukaa. Nguvu za misuli hukaa muda zaidi kabla ya kupungua. Ufundi wa mkono hukaa miaka. Wakati wa kurudi nako, misuli iliyopata kuwa na nguvu zamani huzirudia upesi kuliko misuli ya mtu asiyepata kuzoezwa kamwe. Lakini kano, yaani zile kamba zinazofunga msuli na mfupa, huimarika polepole sana. Hapo ndipo penye mtego. Wiki ya tatu msuli husema “naweza”, na kano bado haiwezi. Wengi huumia wakati ule wanapojiona wamepona.

PILI, tuanze na kazi nyepesi ya fani ile ile. Genge letu sasa lamrudisha mtu hivi. Wiki ya kwanza hukagua kabari, hushika bendera, hufyeka majani, huzibua mitaro, na hupewa nyundo kwa vipindi vifupi tu. Wiki ya pili hushindilia kokoto nusu ya siku. Wiki ya tatu hupiga kabari kwa zamu kamili. Kubeba reli ni baada ya hapo, na huwekwa kati ya watu wawili walio imara. Mshahara wake haupunguzwi. Jambo hilo la mshahara ndilo lililochukua mkutano mzima wa pili, na hatukuondoka mezani mpaka likaandikwa.

TATU, tulijali jua. Mwili uliokaa kivulini husahau joto kama unavyosahau mzigo. Wataalamu wa Marekani wa afya ya kazini wametoa kipimo: mtu aliyekwisha kuizoea kazi ya joto akarudi baada ya kukaa nje, siku ya kwanza afanye nusu ya kazi katika joto, siku ya pili asilimia 60, siku ya tatu asilimia 80, na siku ya nne yote. Aliye mpya kabisa aanze na asilimia 20 na kuongeza 20 kila siku. Tena wasema mtu anywe kikombe cha maji kila dakika 15 au 20, asingoje kiu. Sisi tuliomba pipa la maji liende pamoja na troli. Likapatikana. Ni jambo dogo, lakini kabla ya hapo tulikuwa tukinywa saa sita tu.

NNE, tutumie ufundi badala ya nguvu. Nyundo ina uzito wake. Iinue, uiache ianguke, mkono wa juu uteleze kwenye mpini mpaka ukutane na wa chini. Anayepiga kwa mabega huchoka kabla ya saa nne. Reli iinuliwe kwa miguu, mgongo umenyooka, mzigo karibu na mwili, wala mtu asigeuze kiuno akiwa na mzigo. Wala tusidharau wimbo wa kazi. Wimbo ndio saa ya genge. Humfanya kila mtu ainue kwa wakati mmoja, na aliyechoka husikika kwa sauti yake. Wito wa “Harambee”, ambao Mzee Kenyatta aliutoa uwe wito wa taifa mwaka 1963, ulikuwa kwanza wito wa watu wanaovuta na kubeba pamoja. Hawakuuimba kwa kupendeza. Waliuimba wasivunjike migongo.

TANO, tujue maumivu ya kawaida na maumivu ya hatari. Maumivu ya nyama, yanayokuja kesho yake na kupungua baada ya siku chache, si ugonjwa. Pumzika kidogo, tembea, kazi nyepesi iendelee. Lakini maumivu ya ghafula yanayochoma kama kisu, au ganzi inayoshuka mguuni, au kiungo kilichovimba, hayo usiyafiche. Na mtu akifanya kazi kupita kiasi baada ya kukaa, kisha akaona mkojo wake umekuwa wa rangi ya chai nyeusi, aende hospitali siku ile ile. Ni dalili kwamba misuli imevunjika na sumu yake inaingia katika mafigo. Wanaume wengi huona haya kusema habari za mkojo. Haya hiyo yaweza kuua.

SITA, na hili ni kwa ninyi mliobaki kazini: msimcheke anayerudi. Vijana wetu walitucheka siku ya kwanza, nasi tukajipinda kwa ajili ya kicheko chao. Leo vijana wale wale huuliza, “Kaka, leo ni siku yako ya ngapi?” kabla ya kumpa mtu mtaimbo. Swali hilo moja limezuia maumivu mengi.

Ndugu zangu, tusidhani neno hili ni la watu wa nyundo peke yao. Yuko dada yetu wa karakana anayetoka katika likizo ya uzazi ya miezi mitatu na kurudishwa siku ya kwanza kwenye mashine nzito. Yuko mwenzetu aliyevunjika mkono, akafunguliwa plasta Jumatatu, na Jumanne akapewa magunia. Wote hao ni kama sisi. Ufundi wao upo. Wanachohitaji ni siku chache za kuupatanisha na mwili.

Bwana Mwenyekiti, kwa hiyo genge letu laleta ombi mbele ya mkutano huu. Twaomba kamati ipeleke katika mapatano yajayo kwamba mfanyakazi ye yote aliyekaa nje ya kazi nzito mwezi mmoja au zaidi, kwa ugonjwa, kwa uzazi, au kwa kuachishwa na kurudishwa, apewe muda wa kurudia kazi polepole kwa mshahara kamili, na muda huo uandikwe katika kitabu. Wako watakaosema hiyo ni kulea uvivu. Sisi twawajibu kwa hesabu ya darasa la nne: wiki tatu za kazi nyepesi ni wiki tatu ambazo mtu yuko kazini. Mgongo uliovunjika ulitupotezea wiki tano, tena mtu yule hajarudi kubeba reli mpaka leo.

Mtapenda kujua habari zake. Yuko nasi. Hawezi tena kushika upande wa mwisho wa reli, na mwanzoni jambo hilo lilimhuzunisha sana. Sasa ndiye ashikaye bendera na ndiye mwimbishaji wetu. Husimama pale penye kona, macho kwenye njia, na akitoa wito genge zima huinua pamoja. Juzi alimwona kijana mmoja aliyerudi kutoka hospitali akijongea kwenye reli kabla ya siku zake. Akaishusha bendera, akanyamaza, hakutoa wito. Kazi ikasimama. Nyapara akauliza kwa nini. Akajibu, “Mzee, yupo mtu mmoja hapa mwili wake haujafika.”

Kijana akatoka, akachukua kazi ya kabari. Mwingine akaingia mahali pake. Kisha wimbo ukaanza.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nasi twaongeza: mhunzi mwenyewe asivunjike kabla koleo halijatengenezwa.